Kadi Mia Mbili, Uso Mmoja

Bahasha ilifunguliwa mbele ya walimu wote, Alhamisi saa nne asubuhi. Aliyeifungua alikuwa mkuu wa shule mwenyewe, prefe Lumbu, kwa maana pale shuleni hakuna kitu kipya kilichoruhusiwa kufunguliwa na mkono mwingine. Alitoa karatasi ya kwanza, akavaa miwani, akaitazama. Akatoa ya pili. Alipofika ya tatu shingo ilikuwa imemvimba ndani ya kola.

Zilikuwa kadi za wanafunzi, kumi kwa kila karatasi, zinangoja kukatwa na kutiwa plastiki. Majina yalikuwa sawa, madarasa yalikuwa sawa, tarehe za kuzaliwa hazikuwa na kosa. Taabu ilikuwa picha. Kila kadi, ya msichana na ya mvulana, ilibeba uso wa prefe Lumbu na tai yake nyekundu, katulia kama mtu anayesubiri apigiwe makofi.

Mwalimu wa hesabu alianza kukohoa. Mwalimu wa Kifaransa alitoka nje akidai ameingiwa na mdudu jichoni. Wengine walijikaza kiume, mpaka karatasi ilipofika mezani ile yenye kadi ya Carine, kasichana kembamba ka darasa la pili kanakoimba kwaya, ambako sasa kalikuwa na kipara na masharubu. Hapo chumba kizima kilipasuka kwa kicheko.

Mtu mmoja tu hakucheka. Élisa, karani wa shule, alikuwa ameketi kwenye meza yake ya pembeni, akizitazama karatasi zikipita mkono kwa mkono. Kadi zile zilitoka kwenye programu aliyoiandika kwa mikono yake.

"Mama Élisa," prefe alisema bila kupandisha sauti, "munanichekea?"

"Hapana, papa prefe. Minyi mwenyewe sijue namna gani ilifanyika."

"Mulisimama mbele ya komite, mukasema haina lazima ya kuleta muntu wa Lubumbashi. Sasa njo kazi yenu hii? Sura yangu ku batoto ya bantu?"

Kusema haki, prefe alikuwa na sababu ya kushuku. Alipenda picha yule bwana. Picha yake ilitundikwa ofisini, barazani na katika chumba cha walimu, na walimu walikuwa wakitaniana kwamba iliyobaki ni ya chooni. Siku moja mzaha huo ulisemwa Élisa akiwapo, Élisa akacheka, na kugeuka, prefe huyo mlangoni. Hakusema kitu siku ile. Watu wa namna yake huweka moyoni.

Basi leo alitoa alichokuwa amekiweka. Alisema kesho saa tatu kamati ya shule itakaa. Ikionekana kwamba karani amemfanyia mkubwa wake dhihaka, atakabidhi ufunguo wa ofisi hapo hapo, na Théo, kijana wa Lubumbashi mwenye programu yake, atakaa kwenye kiti chake. Miaka kumi na tisa Élisa alikuwa ameandika barua za shule ile, kwanza kwa mashine ya kugonga, kisha kwa kompyuta. Aliinama akakusanya karatasi zilizoanguka sakafuni, moja moja, na kila aliyoigeuza prefe alikuwa akimtazama.

*

Kabla ya kwenda nyumbani alipitia kwa Amisa, karibu na soko. Amisa alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya mkoa wa Maniema, na mashine yake ya kuchapa rangi ndiyo iliyochapa kadi asubuhi ile. Kwa kuwa prefe alizitaka kabla ya saa nne, Amisa alizitia kwenye bahasha na kuzipeleka shuleni kwa pikipiki, bila Élisa kuziona kwanza. Élisa alimwuliza kama kweli sura ile mara mia mbili haikumshangaza.

"Niliona, Mama Mapasa," Amisa alijibu, akirekebisha mtandio. "Lakini nikasema, bakubwa ni bakubwa. Mumoja alitia sura yake ku calendrier ya mwaka, ingine ku bitenge, ingine ku sahani. Minyi njo nani wa kumukatalia prefe sura yake?"

Élisa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, halafu machozi yakamtoka palepale penye kicheko. Amisa alimvutia kiti. Akamwambia kwamba kadi zikirekebishwa atazichapa tena, na asimtajie habari ya kulipia karatasi zilizoharibika.

*

Wote waliomjua Élisa walimwita Mama Mapasa tangu alipozaa mapacha, Kyungu na Kabange, wasichana ambao sasa walikuwa na miaka kumi na miwili na kusoma shule ileile. Mume wake Malachie, fundi wa redio na betri, alikuwa Baba Mapasa. Siku hiyo Malachie alikuwa amekwisha kupata habari kabla mkewe hajafika, maana katika mji wa Kamina habari mbaya haingoji pikipiki. Élisa alimkuta uani, na miguuni pake kuku mwekundu amefungwa kamba.

Malachie alikuwa amepanga yote. Jioni watakwenda kwa prefe na kuku. Élisa atapiga magoti, atasema alikosa, na Lumbu ni mtu, ataelewa. Alisema hivyo kwa upole, lakini hofu ilikuwa inaonekana. Siku hizi redio huletwa chache, na chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye meza ya karani.

"Nikisema nilikosa," Élisa alimjibu, "nitakuwa nimesema nilimuchekea. Kuku ataingia mu chungu, na minyi nitatoka inje."

"Sasa utasema nini?"

"Nitasema kweli. Lakini sijaijua bado."

Malachie alitazama jua, akahesabu. Alisema betri iko na nguvu, na paneli bado itapata mwanga mpaka saa kumi na moja. Akamwachia uwanja, akakaa na kuku wake.

Kompyuta ya kazi, aliyokuja nayo nyumbani, ilikuwa mzee wa zamani, na lugha ambayo Élisa aliandikia programu ilikuwa mzee mwenzake. Alijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa alichokiokota kwa muuza karanga, ambaye alikuwa amekwisha kukichana kurasa za katikati kufungia bidhaa. Programu yenyewe ilikuwa na madirisha mawili. Dirisha la kwanza lilifungua picha ya mtoto. Dirisha la pili lilikuwa kadi, yenye jina, darasa na kisanduku kitupu cha picha. Katikati kulikuwa na kitufe kimoja, na kazi yake ilikuwa kunakili picha kutoka dirisha hili mpaka lile. Somo la kunakili ndilo lililoondoka na karanga. Élisa alilibahatisha kwa mstari mmoja, akabonyeza, na picha ikatokea kwenye kadi. Kitu kikitokea kwenye kioo, nani tena atakiuliza kimepita njia gani?

Alifungua kadi ya Carine: prefe. Alifungua nyingine kumi: prefe, prefe, prefe. Na bado aliweza kuapa kanisani kwamba siku aliyoitengeneza kadi ya Carine, uso wa Carine aliuona hapo, na meno yake yaliyopangana. Basi picha ilibadilika baadaye. Aliamua kurudia kazi yote pole pole, na picha mbili tu, bila kuondoa jicho.

Alimpiga Malachie picha kwa simu. Halafu alitazama uani akitafuta sura ya pili, na aliyekuwa karibu ni kuku.

Aliandika jina la Malachie, akafungua picha yake, akabonyeza kitufe. Malachie akatokea kwenye kadi, mtu mzima na heshima zake. Élisa aliiacha kadi wazi upande wa kulia. Upande wa kushoto akafungua picha ya kuku. Kitufe hakukigusa hata kidogo. Lakini pale kwenye kadi, juu ya maneno "Malachie, fundi wa redio", alikuwa amekaa kuku, kichwa upande, jicho moja linawatazama.

Malachie alisogea, akaitazama kadi yake kwa muda mrefu.

"Kumbe njo vile bananionaka," alisema.

Walicheka mpaka majirani wakauliza nyumba ile imepatwa na nini. Élisa alicheka akiwa ameshika meza, kwa maana palepale alikuwa ameelewa. Ule mstari wake wa kubahatisha haukunakili kitu. Uliiambia kadi ichungulie tu kule ambako picha imelazwa. Kadi zote mia mbili zilikuwa zimesimama kwenye mlango mmoja, zinachungulia chumba kimoja, na yeyote aliyeingia chumbani mwisho, zote zilimwona huyo. Aliyeingia mwisho alikuwa prefe Lumbu. Alikataa kupigwa picha ya kadi yake kabla ya watoto, akisema mkubwa ndiye hufunga mlango, na Jumatatu ya wiki hiyo akaja na tai nyekundu, akaufunga kweli.

Ilibidi kila kadi ipewe picha yake yenyewe. Kwanza kompyuta itayarishe ukurasa mpya mtupu, picha ichorwe juu yake nukta kwa nukta, kisha ukurasa huo ukabidhiwe kadi moja na usiguswe tena. Élisa aliandika mistari minne, akaifuta, akaiandika upya. Mara ya tatu kuku aliingia dirisha la kushoto, na kulia Malachie akabaki Malachie. Élisa alivuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu saa nne.

Furaha haikumaliza dakika. Malachie, aliyependa kuona shimo kabla ya kutumbukia, aliuliza hili litasaidia nini mbele ya kamati. Prefe atasema amerekebisha alichokiharibu kwa makusudi. Ilikuwa kweli. Élisa alihitaji ushahidi kwamba kosa lilikuwamo kabla sura ya prefe haijaingia kwenye kompyuta. Alihitaji kadi ya zamani.

Na kadi za zamani zilikuwapo mbili. Wiki tatu nyuma, siku ya kujaribu programu, kamati yenyewe ilisema aanze na Kyungu na Kabange. Kwa Waluba mapacha hawarukwi. Wakiwapo, wao ndio huanza kusalimiwa, wao ndio huanza kupakuliwa, na kazi iliyoanza na wao huwa na baraka. Élisa aliingiza Kyungu, mkubwa, kisha Kabange, akachapa kadi mbili za karatasi, bila plastiki. Kamati ilizipokezana mkono kwa mkono na kushangaa jinsi watoto wanavyofanana. Mchungaji Abdias, mwenyekiti, alizitia sahihi na tarehe kwa nyuma. Élisa naye alizitazama, akazisifu.

Lakini Kabange alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, tangu alipoangukia mbabula, lile jiko la makaa, akiwa na miaka minne. Kyungu hakuwa nalo. Élisa aliinuka kwenye kompyuta. Alimwita Kyungu, akamwambia alete kadi yake.

Kyungu aliitoa ndani ya daftari la jiografia, akaitoa pole pole, kama mtoto anayeleta alama mbaya. Élisa aliishika kwenye mwanga. Juu ya jicho la kushoto, mahali pa kovu, karatasi ilikuwa imekwaruzwa kwa kitu chenye ncha mpaka ikawa nyeupe.

"Nani alifanya hivi?"

"Minyi, mama. Na sindano."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa Kabange." Kyungu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. "Nilitosha alama yake, njo ikuwe minyi."

"Na haukuniambia?"

"Bote balisema iko muzuri. Na weye mama ulisema. Nilizani uliona."

Élisa aliiweka kadi mezani. Mambo ya prefe yalikuwa yamemuaibisha, lakini hili lilimuuma mahali ambapo prefe hangefika. Alikuwa amefurahia mashine yake hata akashindwa kuona mtoto wake mwenyewe hayumo, na mtoto alikuwa amekaa wiki tatu akijitengeneza kwa sindano. Alimvuta Kyungu, akamkalisha mapajani ingawa alikuwa mkubwa, akamwambia hakuona na anaomba msamaha. Kyungu alisema si kitu. Baadaye kidogo aliuliza kama yule kuku ataliwa.

*

Ijumaa saa tatu kasorobo, Théo alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, begi la kompyuta magotini, naye aliposimama kumsalimia Élisa, kijana huyo alionekana kuona haya. Élisa alimwitikia, akapita na binti zake wawili, ufunguo wa ofisi ukiwa mkononi kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

Mchungaji Abdias alifungua kikao kwa sala, akampa prefe nafasi. Prefe alisema kwa ufupi na kwa uchungu. Alisema yeye si mtoto, anajua walimu wanasema nini juu ya picha zake, na kwamba kuchekwa na walimu ni jambo moja, lakini kutumwa nyumbani kwa wazazi mia mbili akiwa na jina la msichana wa kwaya ni jambo lingine. Hapo mzazi mmoja wa kamati alitazama dari kwa nguvu zake zote.

Élisa aliweka kadi mbili mezani.

"Ba papa, muangalie. Hii ni carte ya Kyungu, hii ya Kabange. Mulizishika mu mikono wiki tatu zimepita. Sura ni moja. Si kufanana. Ni sura ya Kabange mara mbili."

Aliwasimamisha wasichana mbele ya meza, akaonyesha kovu kwa Kabange, akaonyesha paji safi la Kyungu.

"Wa mwisho kuingia alifunika wa kwanza. Siku ile photo ya papa prefe haikukuwa bado mu machine. Minyi ni mama yabo. Niliangalia, sikuona. Kama nilishindwa kuona mutoto yangu, nitamuchekea prefe na akili gani?"

Mchungaji Abdias aligeuza kadi ya Kyungu, akaona tarehe na sahihi yake mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Na minyi nilisaini," alisema. "Donc sisi bote ba komite tulikuwa ba kutoona."

Prefe Lumbu alinyoosha mkono, akaichukua kadi, akaisogeza karibu na macho. Kidole chake kikapita juu ya mkwaruzo mweupe. Aliuliza nani aliyefanya hivi, na Kyungu akajibu vilevile alivyomjibu mama yake: aliitoa alama ili awe yeye. Prefe alimtazama mtoto, kisha akatazama kadi, kisha akatazama ukutani, ambako yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu katika picha, nyuma ya kioo. Mtu huyu aliyependa sura yake kuliko wote ndiye aliyeelewa upesi kuliko wote.

"Si vizuri," alisema taratibu, "muntu kubeba sura ya mwingine."

Halafu akamwuliza Élisa alijuaje kosa liko wapi. Élisa hakuwa na njia nyingine, akasimulia habari ya Malachie na kuku. Mzazi aliyetazama dari hakuweza tena kujizuia, akacheka. Mchungaji alifuata, na mwishowe prefe naye, kwanza puani, kisha kwa tumbo zima, mpaka miwani ikaanguka kwenye kadi. Alipopata pumzi alisema ufunguo ubaki kwa mwenyewe. Akaongeza, akijifanya mkali, kwamba ile karatasi yenye Carine wa masharubu isitupwe, aipate yeye, kuna mtu nyumbani anayestahili kuiona.

Alitoka mwenyewe kumwambia Théo. Théo alipoelezwa kosa, alitikisa kichwa, akamtazama Élisa juu ya bega la prefe.

"Hata minyi, mama," alisema. "Kazi yangu ya kwanza, nilipatia wafanyakazi bote sura ya sentinelle wa mulango. Tunaanzaka bote pale."

Élisa alimshukuru, na akamwalika chakula cha mchana kabla ya safari yake. Kuku alikuwapo, tena alikuwa amekwisha kufanya kazi yake.

*

Alasiri ile, kwa Amisa, Élisa hakukaa. Alisimama kwenye mdomo wa mashine, akapokea kila karatasi ikiwa bado na joto, akalinganisha kila jina na kila uso. Carine alikuwa Carine, na meno yake. Prefe alikuwa mmoja tu, kwenye kadi ya prefe, mwisho kabisa, na tai yake. Kadi za mapacha zilikuwa zimetoka kwanza. Amisa alizikata kwa mkasi, na kabla Élisa hajazigusa, wasichana walizinyakua, wakazichanganya nyuma ya migongo yao, wakazileta mbele, vidole gumba vimeziba majina.

"Mama," Kyungu alisema, "minyi njo nani?"

Élisa alipiga magoti sakafuni kwa Amisa, wateja wakiwa wamesimama na karatasi zao mkononi. Hakuharakisha. Alitazama kadi ya kwanza, akatazama ya pili, akatazama nyuso mbili zilizokuwa zinamsubiri bila kupepesa.

"Hii njo weye," alisema, na kugusa kadi ya kulia, iliyokuwa mkononi mwa Kyungu.

Kyungu aliondoa kidole. Alilisoma jina lake, akautazama uso wake, akapitisha ukucha juu ya jicho la kushoto la picha, polepole, bila kukwaruza. Kisha akampa Amisa kadi aitie plastiki, yake kwanza.